Gemu Ilitengenezwa, Lakini Si Hii

Mpwa wangu alikuwa ameshachagua. Kwenye lile duka la magemu Kariakoo, diski zilizotumika husimamishwa nyuma ya kioo, na jalada la njano la Cyberpunk 2077 linaonekana tangu mlangoni. Akamwomba muuzaji amtolee, akaligeuza kasha, akasoma nyuma, kisha akanitazama.

"Anko, si ndiyo ile iliyotoka imeharibika, wakaitengeneza ikawa kali?"

Muuzaji akamjibu kabla yangu. "Una PS ngapi?"

"Nne," akasema, yaani PlayStation 4, mashine ya Sony.

"Basi hiyo unayoisema siyo hii."

Nilimheshimu yule muuzaji. Angeweza kupokea hela akanyamaza. Kijana akairudisha diski, akachukua gemu ya mpira, tukaondoka, na tulipofika kituoni alikuwa keshaanza kusimulia mambo mengine kabisa. Mimi nimebaki na yale maneno kwa wiki kadhaa. Nikilala yapo, nikikaa kwenye foleni yapo.

Mpwa wangu alisema kweli: gemu ilitengenezwa. Muuzaji naye alisema kweli.

Hadithi tunayoipenda

Anayefuatilia magemu anaijua hadithi hii. Desemba 2020 Cyberpunk 2077, gemu iliyosubiriwa kuliko zote, inatoka ikiwa imeharibika. Watu wanatembea bila nyuso, magari yanazama barabarani, skrini inaganda, mashine inazima gemu yenyewe. Kampuni iliyoiunda, CD Projekt ya Poland, inaomba radhi. Kisha inakaa chini, inafanya kazi miaka mitatu, na Septemba 2023 inarudi na sasisho la 2.0 pamoja na nyongeza ya hadithi iitwayo Phantom Liberty, na dunia inapiga makofi. Desemba mwaka huohuo ikashinda tuzo kwenye The Game Awards, ile ya gemu inayoendelea kuhudumiwa vizuri kuliko nyingine. Kufikia Novemba 2024 kampuni ilitangaza kuwa imeuza nakala milioni 30.

Ni hadithi nzuri, na mimi mwenyewe nimewahi kuisimulia kwa furaha. Mtu kaanguka, kakiri, kafanya kazi, kainuka. Tunaipenda kwa sababu inatuambia kuwa ahadi iliyochelewa bado inaweza kutimia.

Lakini ilitimia kwa nani?

Ndoto na ahadi

Kwa muda mrefu nimewasikia watu wakisema kosa ni la wachezaji. Tunaota mno. Tunaona trela ya dakika mbili, tunajenga vichwani gemu ambayo hakuna binadamu anayeweza kuiunda, halafu tunakasirika isipofika.

Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 2013 studio ndogo ya Uingereza iitwayo Hello Games, kutoka mji wa Guildford, ilionyesha No Man's Sky kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata ikapandishwa kwenye jukwaa la Sony huko Los Angeles. Ulimwengu wenye sayari zaidi ya kwintilioni 18 (18 na sifuri kumi na nane), zote zinazaliwa na hesabu ndani ya kompyuta! Sean Murray, kiongozi wa studio, aliulizwa maswali miaka mitatu mfululizo, na kila jibu lake watu walilijaza mambo yao. Gemu ilipoahirishwa kidogo mwaka 2016 alitumiwa vitisho vya kuuawa. Hakuna gemu duniani inayohalalisha jambo hilo, na anayelitetea simwelewi.

Hata hivyo, Agosti 2016 gemu ilipotoka, wachezaji wawili walipanga kukutana kwenye sayari moja. Wakafika mahali palepale, kwa wakati uleule, na hakuna aliyemwona mwenzake. Kukutana na mchezaji mwingine lilikuwa jambo ambalo Murray aliwahi kuulizwa hadharani akajibu kwamba linawezekana, ingawa ni nadra. Hilo mchezaji hakulijaza mwenyewe. Aliliuliza, akajibiwa.

Hapo ndipo ninapotenganisha. Mimi nikidhani kila sayari itakuwa na miji na falme, hiyo ni ndoto yangu na maumivu yake ni yangu. Nikiuliza swali la ndiyo au hapana, nikajibiwa ndiyo, nikatoa hela kwa jibu hilo, tumeshatoka kwenye ndoto.

Swali la mwenye mashine ya kawaida

Sasa turudi kwenye Cyberpunk 2077, huko Warsaw, kwenye studio ya CD Projekt Red. Gemu yao ilitangazwa Mei 2012. Trela ya kwanza ilitoka Januari 2013, mwezi mmoja kabla Sony haijatangaza kwamba kuna kitu kinaitwa PS4. Ikapita miaka. Juni 2019 mwigizaji Keanu Reeves akatokea jukwaani kwenye moshi, ukumbi ukalipuka, tarehe ikatajwa: 16 Aprili 2020. Kisha ikawa Septemba. Kisha 19 Novemba. Mwanzoni mwa Oktoba wakatangaza kwamba gemu imekamilika na iko tayari kuchapwa kwenye diski. Wiki tatu baadaye wakaahirisha tena, hadi 10 Desemba.

Katika muda huo wote wenye PS4 na Xbox One (mashine ya Microsoft) za kawaida walikuwa na swali ambalo halina ndoto hata chembe: je, itacheza vizuri kwenye mashine yangu?

Lilikuwa swali la haki. PS4 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 110 duniani, na PS5 ilikuwa imetoka Novemba hiyohiyo, haikamatiki hata Ulaya, achilia mbali huku kwetu. Kwa hesabu za kampuni yenyewe, watu milioni 8 walilipa kabla gemu haijatoka, na takriban wanne katika kila kumi walinunua ya mashine za sebuleni, yaani PlayStation na Xbox, si ya kompyuta.

Mwishoni mwa Novemba 2020, akizungumza na wawekezaji, Adam Kiciński aliyekuwa mkuu wa kampuni alisema kwamba kwenye mashine za kawaida gemu inakwenda vizuri kiasi cha kushangaza kwa ulimwengu mkubwa namna ile.

Waandishi waliopewa gemu mapema kuifanyia tathmini walipewa ya kompyuta. Ya PS4 hawakupewa. Na tathmini za kwanza hazikuruhusiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe.

Jambo hili ndilo linalonichoma kuliko kasoro zote. Kasoro hutokea. Lakini mtu aliyechagua ni toleo lipi lionekane na lipi lifichwe hadi siku ya mauzo alijua swali ni lipi.

Jiji na diski inayozunguka

Nataka nieleze kidogo kilichoharibika, maana watu husema tu "ilikuwa na kasoro", na kumbe kiini kilikuwa kimoja.

Jiji la Night City, ambamo gemu hii inachezwa, ni zito. Kila mtaa una watu, matangazo yanayowaka, magari, ghorofa unazoweza kuingia. Mashine haiwezi kuubeba mji wote kwenye kumbukumbu kwa pamoja, kwa hiyo unapotembea, gemu husoma kilicho mbele yako kutoka kwenye diski ya ndani na kukitupa kilicho nyuma. Ukikimbia kwa gari, inabidi isome haraka zaidi. PS4 ya 2013 ina diski ngumu ya kizamani, ile yenye sahani inayozunguka na sindano inayotafuta. Ndiyo maana sura za watu zilichelewa kuja. Ndiyo maana barabara zilibaki tupu, ukifika karibu gari linachomoza ghafla puani kwako.

Januari 2021 mwanzilishi mwenza Marcin Iwiński alikaa mbele ya kamera akalieleza hilo mwenyewe. Alisema walitaka kwanza gemu ipendeze kabisa kwenye kompyuta, kisha wairekebishe iingie kwenye mashine za zamani. Alisema mwanzoni kazi hiyo haikuonekana ngumu mno, na kwamba majaribio yao hayakuonyesha sehemu kubwa ya matatizo ambayo wachezaji waliyakuta.

Ninaamini alimaanisha alichokisema. Ile video niliitazama upya juzi na bado naona mtu aliyeumia.

Ila tazama mpangilio wenyewe: kwanza mashine ya mwenye nacho, kisha tuone itakavyoingia kwa mwingine. Mpangilio huo uliwekwa miaka mingi kabla ya Desemba 2020. Kasoro zilikuja kuudhihirisha tu.

Waliovunjiwa ahadi kwanza

Lazima niseme na hili, ingawa linatoka nje kidogo ya njia. Ahadi ya kwanza kuvunjwa haikuwa ya wachezaji. Mwaka 2019 viongozi wa studio walisema hadharani kwamba hawatawalazimisha wafanyakazi kufanya kazi saa za ziada. Septemba 2020, kama mwandishi Jason Schreier wa Bloomberg alivyoripoti, wafanyakazi wakaambiwa wafanye kazi siku sita kwa wiki hadi gemu itoke. Siku ya sita walilipwa, sheria ya Poland inataka hivyo. Lakini neno lilikuwa limetolewa.

Mtu anapofungua diski na kukuta mhusika kasimama juu ya meza akiwa kanyoosha mikono, anamlaani aliyeunda. Yule aliyeunda huenda alishasema mara nyingi kwamba bado, na hakuwa na mamlaka ya kuisogeza tarehe.

Nani alilipwa

Siku nne baada ya kutoka, kampuni iliomba radhi kwa kutoonyesha gemu kwenye mashine za kawaida kabla ya kuiuza, na ikasema anayetaka hela yake arudishiwe. Tarehe 17 Desemba Sony ilitangaza kuiondoa kabisa gemu kwenye duka lake la mtandaoni. Jambo hilo ni nadra mno kwa gemu ya ukubwa ule. Ilirudi 21 Juni 2021, na hata iliporudi Sony yenyewe iliweka onyo: kwenye PS4 ya kawaida bado unaweza kupata matatizo, bora PS4 Pro, ile yenye nguvu zaidi, au PS5.

Kurudishiwa hela kulihitaji risiti, au akaunti ya duka uliyonunulia. Sijui nianze wapi kueleza safari ya diski hapa kwetu. Wengi wetu tunafungua akaunti za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini kwa sababu duka halipo kwa jina la nchi yetu, na tunajaza hela kwa kadi za kununua mtaani. Diski zinaingia kwenye begi la ndugu aliyetoka Dubai. Zinabadilishana mikono, mtaa hadi mtaa, na risiti ya kwanza ilishabaki kwenye pipa la taka la uwanja wa ndege.

Marekani kulikuwa na kesi. Ilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 1.85.

Waliofungua kesi hiyo walikuwa wenye hisa. Walidai walipotoshwa kuhusu hali ya gemu kwenye mashine za kawaida, hisa zikashuka, wakapata hasara. Nimelifikiria hili mara nyingi. Lile jibu la Kiciński kuhusu mashine za kawaida lilikuwa moja kwa dunia nzima, na waliolitumia kununulia hisa walipata mahali pa kulidai kisheria. Waliolitumia kununulia diski walipata radhi na barua pepe ya kuomba hela zao.

Septemba 2022

Hapa ndipo palipobadilisha mawazo yangu kuhusu hadithi nzima.

Septemba 2022 ilikuwa ya furaha. Katuni ya Edgerunners, ya ulimwengu wa gemu hiihii, iliyotengenezwa Japani na Studio Trigger ilitoka Netflix, watu wakaililia, wakairudia gemu kwa makundi. Sasisho la 1.6 likatoka. Na katikati ya shangwe hiyo likapita tangazo ambalo wengi hawakulitilia maanani: hilo ndilo sasisho kubwa la mwisho kwa PS4 na Xbox One. Phantom Liberty haitafika huko.

Mwaka mmoja baadaye likaja la 2.0. Polisi ambao zamani walichomoza mgongoni kwako kutoka hewani wakaanza kukufukuza kwa magari. Ujuzi wa mhusika ukapangwa upya wote. Desemba 2023, sasisho la 2.1 likaleta treni za jiji unazoweza kuzipanda, treni ambazo trela za zamani zilikuwa zimetuonyesha miaka mingi nyuma.

Vyote hivyo vilikwenda kwenye kompyuta, PS5 na Xbox mpya.

Yaani wale walioumizwa zaidi Desemba 2020 ndio walioachwa nje ya matengenezo. Ni kama fundi aliyekuezekea nyumba ikavuja, akaomba radhi mbele ya mtaa mzima, kisha akaenda kuezeka upya kwa jirani, na mtaa ukamsifu kwa kazi safi.

Kinachonitia shaka

Nimejaribu kuitetea kampuni kwa moyo mweupe, maana sitaki kuandika kwa hasira.

Mosi, mashine huzeeka. Hakuna anayeweza kudai PS4 ihudumiwe milele, na 2.0 kweli inaielemea hata mashine yenye nguvu kuliko hiyo. Nikimuuliza mhandisi kama inawezekana kuiingiza kwenye diski inayozunguka, namwona akitikisa kichwa kabla sijamaliza swali.

Pili, mwenye diski ya PS4 anapewa toleo la PS5 bure. Ukiwa na PS5 yenye sehemu ya kuingiza diski, ile ya njano ya Kariakoo inafunguka na kuwa gemu iliyoshinda tuzo. Hilo ni jema na lazima lisemwe. Gemu nyingine zimetoza hela kwa hatua hiyohiyo.

Tatu, wangefanya nini mwaka 2020? Walikuwa wamechukua hela za watu kwa toleo la PS4. Kulifuta kungekuwa kuvunja ahadi nyingine.

Sababu hizi tatu zimenizungusha kweli. Ile ya tatu zaidi, maana inaonyesha kuwa kufikia wakati ule hakukuwa na njia safi ya kutokea. Lakini kila nikizifuata hadi mwisho zinanirudisha kwenye miezi ya mwisho kabla ya kutoka. Njia safi ilikuwepo hapo. Ilikuwa ni kuonyesha dakika kumi za gemu kwenye PS4 ya kawaida, bila kupamba, na kuacha watu waamue. Wengine wangesubiri. Wengine wangefuta oda. Mauzo ya siku za kwanza yangepungua, na hiyo ndiyo bei ambayo haikulipwa na waliopaswa kuilipa.

Na bure ya toleo la PS5 ina mlango wake, na mlango huo ni bei ya PS5. Kwa mtu wa Krakow, huko Poland, ni akiba ya miezi. Kwa kijana anayecheza PS4 ya mkono wa tatu pale Mbagala, hilo toleo la bure liko mbali kuliko Krakow yenyewe.

Sijataja bando bado. Matengenezo ya kisasa huja kwa makumi ya gigabaiti kwa mara moja. Kampuni inaposema "tutarekebisha baada ya kutoka", gharama ya kurekebishiwa inahamia kwa mnunuzi, na ni nzito zaidi kwa yule anayenunua intaneti kwa vipande. Nimewaona vijana wakibeba mashine nzima kwenye mkoba kwenda kwa rafiki mwenye fiba ili ijisasishe usiku.

Waliokaa kimya Guildford

No Man's Sky ilikwenda njia nyingine, na ndiyo maana sikubali wanaoziweka gemu hizi mbili kwenye sentensi moja.

Baada ya Agosti 2016, Hello Games walinyamaza. Kimya hicho kiliwaudhi watu sana, na wakati ule nilikiona ni dharau. Mamlaka ya matangazo ya Uingereza ilipokea malalamiko, ikachunguza, ikaamua kuwa matangazo hayakukiuka kanuni. Novemba 2016 studio ikatoa sasisho la kwanza kubwa, Foundation. Likaja jingine, na jingine. Julai 2018 sasisho la NEXT likaleta kile ambacho wale wawili wa siku ya kwanza walikikosa: kumwona mwenzako kasimama mbele yako.

Hawakutoza hata senti. Na PS4 ya kawaida, mashine ileile ambayo gemu iliuzwa kwayo mwaka 2016, iliendelea kupokea masasisho hata baada ya PS5 kutoka.

Studio ndogo, yenye watu wachache kuliko idara moja ya Warsaw, iliona kuwa deni linalipwa mahali lilipokopwa. Siwezi kusema kazi yao ilikuwa rahisi kiufundi kuliko ya wenzao, wala ngumu kuliko hiyo. Gemu ni tofauti. Nasema walimkumbuka mnunuzi wa kwanza kwa anwani yake.

Inayofuata

CD Projekt sasa wanatengeneza gemu nyingine, The Witcher 4. Trela yake ilionyeshwa Desemba 2024. Juni 2025 walionyesha teknolojia yake kwenye PS5 ya kawaida, ile ya bei ya chini yenye nguvu ndogo kuliko PS5 Pro, na wakaeleza kwamba wanaanzia kwenye mashine za sebuleni kisha ndipo waende kwenye kompyuta. Wakasisitiza pia kwamba kile ni onyesho la teknolojia, gemu yenyewe bado.

Ni habari njema, na nimeipokea hivyo. Mpangilio wa zamani wameugeuza.

Ninachokitaka zaidi ya hapo ni kitu cha kuandikwa kwenye kasha, karibu na alama ya mashine: kampuni inajifunga kuihudumia gemu hii kwenye mashine hii hadi mwaka fulani, na toleo lililofanyiwa tathmini na waandishi lilikuwa la mashine hii. Mistari miwili. Vyakula vya kopo vina tarehe, dawa zina tarehe, na gemu ya bei ya mifuko kadhaa ya mchele inauzwa bila kusema itahudumiwa hadi lini.

Isipoandikwa, itabaki kazi ya wauzaji wenye roho nzuri kuuliza "una PS ngapi?" kabla hawajapokea hela.